Bitana ya Koti la Rukia

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu, Neema, aliyerithi meza yangu ya kukatia, alinizibia njia mlangoni, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Neema ni Mkongo wa Bukavu, anaishi Lewisham, anavuka London nzima kila asubuhi kuja kwetu Queensbury, na bado hufika kabla ya wale wanaokaa mtaa wa pili. "Maman Zuwena," akaniambia, "uko unatuacha. Bitana ikitusumbua tutauliza nani? Utuandikie byote." Nikamwambia kalamu yangu mimi ni sindano. "Iyo haiko jibu, maman," akasema, na hakunipisha mpaka nilipoahidi.

Basi naandika. Sitaandika habari za mshahara, maana hamtajifunza kitu, wala lini nilifanywa mkuu wa chumba, maana hilo lilikuja kwa sababu wengine wote walikuwa wameshaacha kazi. Nitaandika kuhusu bitana, kitambaa kile cha ndani ambacho mteja hakioni, na akikiona ujue kuna mahali umeharibu. Katika kuandika huko nitamtaja mama yangu na binti yangu kuliko inavyofaa kwenye maandishi ya kazi. Mnivumilie, sikuweza kuwatenga.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimefiwa na mume, na kaka yangu aliyetangulia London alikuwa amenipokea. Mwanangu Rukia, wa miaka sita, nilimwacha Wete, kule Pemba, kwa mama yangu Bi Mize. Nilijiambia ni kwa miezi michache. Lakini karatasi zangu za kukaa zilikuwa bado, na mpaka zitoke nisingeweza kwenda kumwona wala kumleta. Ruhusa ya kufanya kazi nilishaipata, na kazi niliyoijua ilikuwa cherehani.

Karakana mnaijua, ila hamkuiona wakati ule. Ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka stesheni, meza tatu, cherehani sita, na harufu ya pasi ya mvuke ikichanganyika na chai ya tangawizi. Tulishona mapazia ya wazungu na ya Wahindi wa Kenton, mtaa wa jirani, makoti, na msimu wa harusi blauzi za sari mpaka macho yakawasha. Mkuu wa chumba alikuwa Kokilaben, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba, subana ya kuzuia sindano kidoleni hata wakati wa kula. Kiswahili chake kilikuwa cha nyuma ya kaunta, hakijali ngeli wala nyakati, na mimi mtu wa Pemba mwanzoni kiliniumiza masikio. Baada ya mwezi mmoja kilikuwa ndiyo sauti niliyoisubiri, kwa sababu kwenye basi zima la asubuhi sikusikia neno hata moja nililolielewa.

Siku ya kwanza alinitupia vipande vitatu vyeupe mezani. "Chagua bitana ya koti," akasema. Nikachagua kilichong'aa kuliko vyote, laini kama siagi. Akakishika kwa vidole viwili. "Hii mzuri kwa sanduku ya mtu nakufa. Yeye hapana toka jasho, hapana kaa chini, hapana inua mkono." Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuchelewa, nilipomaliza kutafsiri.

Kisha akanifundisha kuchagua, na sijaona njia iliyo bora kuliko yake. Kifinyange kitambaa ndani ya ngumi, uhesabu hadi kumi, ukiachie. Kikibaki na makunyanzi hakikufai kwa koti, labda kwa pazia lisilofunguliwa. Kisugue juu ya kile cha nje, uone kama vinateleza au vinagombana. Vishike vyote viwili mbele ya dirisha, siyo chini ya taa, maana mwanga wa London ni wa kijivu na huonyesha rangi ya bitana ikipenya pazia jepesi. Mwisho kichovye ncha majini, ukifinye ndani ya leso nyeupe, uangalie kama kinachuja. Leso hiyo aliiweka mfukoni daima, na ilikuwa na madoa ya kila rangi. Nilidhani ni mchafu.

Kwetu pazia ni kitambaa cha mlangoni, kazi yake kupeperuka. Kwa hiyo pazia la kwanza nililopewa kutia bitana nilikata sawasawa, upana kwa upana, urefu kwa urefu, nikashona, nikajisifu. Tulipolitundika likakunja uso, bitana inavuta huku, kitambaa kinavuta kule. Kokilaben alilishusha, akanipa wembe mdogo wa kufumulia, na nilifumua mpaka saa ya chai. Ndipo akaeleza. Bitana ya pazia iwe nyembamba kidogo pembeni ili isichungulie, na iwe fupi kwa vidole viwili chini, maana madirisha ya nchi hii hutoka jasho asubuhi zote za baridi na maji yake hupanda. Ishikanishwe na kitambaa kwa mishono mirefu iliyolegea. Bitana ya koti ni kinyume: iwe pana kuliko koti lenyewe, na katikati ya mgongo iwekewe rinda moja refu, kwa sababu mvaaji anainua mikono na kubeba watoto. Mkilisahau rinda hilo, mteja atarudi na mpasuko kwapani, na atasema kosa ni lenu. Litakuwa lenu kweli.

Lakini somo kubwa la Kokilaben lilikuwa karai. Karai la bati lilikaa chini ya sinki, na kila bitana ya pamba iliyoingia ilipitia humo kabla ya mkasi. Pamba ikipata maji mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua, na kile cha nje hakipungui pamoja nayo. Alilijua hilo kwa blauzi za sari. Aliwahi kumshonea bibi harusi blauzi yenye bitana isiyooshwa, bibi harusi akatoka jasho kwenye ukumbi, na kabla ya chakula hakuweza kupumua. "Kwanza osha. Halafu kata," aliniambia kila wiki. "Wewe nasikia, Zuwena? Kwanza osha." Nilimjibu nasikia. Na nilikuwa nasikia, kama mtakavyoona.

Kulikuwa na kazi ngumu nyingi, nitataja moja. Mke wa sonara mmoja wa Kenton alileta hariri ya dhahabu, akataka mapazia yasiyo na bitana ili watu wa barabarani waone tarizi. Kokilaben alimkatalia, akabembeleza, mwisho akamshonea alivyotaka. Majira mawili ya joto yakapita, yule mama akarudi na hariri imekatika mikononi mwake kama karatasi ya mandazi, jua limeila. Tuliokoa nusu. Nilishona bitana ya pamba nzito, na baina yake na hariri tukaweka flana, kile kitambaa chenye manyoya kinacholala katikati, hakionekani mbele wala nyuma, lakini ndicho kinacholifanya pazia lianguke vizuri na kuzuia baridi. Nilitumia uzi wa dhahabu, na bobini moja ilibaki ndani ya droo yangu kwa miaka. Wakati ule sikujua flana ile ingenifaa nyumbani.

Sasa nije kwa Rukia. Mama yangu hakujua kuandika na hakupenda kuandikiwa. Kila mtu wa Wete aliyekuja London, mama alimpa kifurushi changu, na ndani ya kila kifurushi palikuwa na uzi mmoja mweupe wenye mafundo matatu. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni mabega ya Rukia, hadi la pili ni mkono wake, hadi la tatu ni kutoka shingoni mpaka chini ya goti. Mama alijua mimi ni fundi, akanipa mtoto kwa vipimo. Niliziweka nyuzi hizo ndani ya kopo la biskuti, na wakati wa chai nilizilaza juu ya meza, moja ubavuni mwa nyingine. Hivyo ndivyo nilivyomwona mwanangu akirefuka, juu ya meza ya kukatia mapazia ya watu. Nilimkosa mpaka nikauonea wivu uzi, kwa kuwa wenyewe ulimgusa.

Kokilaben aliniona lakini hakuuliza. Mwaka wa nne, nilipomwambia karatasi zimetoka na mtoto anakuja, aliingia stoo akatoka na kipande cha sufu cha buluu iliyokoza kilichobaki kwenye koti la mteja. "Toto ya Pemba hapana jua baridi," akasema. "Shona koti. Acha upindo mkubwa, yeye nakua."

Na pamoja na uzi wa mwisho mama alikuwa ameniletea kanga, doti nzima, nyekundu yenye korosho nyeusi, haijakatwa. Maneno yake nayaweka kwangu. Ilikuwa imekaa miaka ndani ya sanduku lake pamoja na udi na vikuba vya asumini vilivyokauka, na nilipoifungua chumbani mwangu, mama yangu aliingia mlangoni. Sijui nieleze vipi zaidi ya hivyo. Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto, kanga usoni. Kisha nikaikata katikati. Kipande kimoja kiwe bitana ya koti la Rukia, ili akifika nchi ya watu akute kwao kumemtangulia. Cha pili nikakiweka chini ya mto wangu.

Mlishaona kosa langu. Kanga mpya ina kanji, ule wanga wa kiwandani, na ikioshwa hupungua na huchuja, kila mtoto wa kwetu anajua. Nami nilikuwa na miaka minne ya "kwanza osha" kichwani. Lakini kuiosha ni kumwaga mama yangu kwenye karai. Kokilaben alinikuta naikata, akaishika ncha, akainusa, akaniangalia juu ya miwani.

"Hii naosha?"

"Nimeosha," nikasema.

Alikuwa amekwishainusa. Alijua kwamba nasema uongo, na aliniacha niseme. Akaniambia tu mikono nitie satini, maana kanga hukwama kwenye sweta na mtoto atashindwa kuvaa. Hilo nililifanya.

Rukia alifika mwezi wa kwanza na mke wa kaka yangu, amevaa kandambili na soksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kwa alichosema. Alinitazama, akanyoosha mkono, akasema, "Shikamoo, bi." Alinisalimu kana kwamba mimi ni mgeni niliyekuja kumwona bibi yake. Nilikuwa na haja moja tu duniani, mtoto huyu aniite mama, na nilijua siwezi kuidai. Nikamvisha koti. Lilimkaa, mabega sawa na uzi. Akaivuta sehemu ya mbele mpaka puani, akafumba macho. "Bibi," akasema. Alilala nalo, na nilikuwa na furaha na wivu kwa pamoja.

Wiki ya pili alinyeshewa akienda shule, mvua ile ya London isiyopiga kelele lakini inafika mfupani. Jioni nililitundika koti karibu na hita. Asubuhi bitana ilikuwa imerudi, imeuvuta upindo wote juu, koti limekunjamana kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Na shati lake jeupe la shule lilikuwa limepakwa wekundu shingoni na kifuani, kwa sababu alikuwa amekaa na koti lililoloa darasani. "Wamenicheka," akaniambia bila kuniangalia. "Wamesema natoka damu."

Hapo ufundi ukanipanda kichwani, kwa hasira ya kujua kosa ni langu. Jumamosi nilikwenda na koti karakanani, nikaifumua kanga yote, nikaitia kwenye karai kwa chumvi. Maji yalitoka mekundu mara tatu. Nikatia bitana mpya ya viskosi ya kahawia, imeoshwa, imepigwa pasi, rinda mgongoni, mshono hauonekani hata kwa miwani. Kokilaben aligeuza koti ndani nje akatikisa kichwa upande kwa upande, na kwake hiyo ilikuwa medali. Nikarudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Rukia alilivaa. Akaivuta ile sehemu ya mbele mpaka puani. Akanusa tena, upande wa pili. Halafu akaniangalia, kwa mara ya kwanza machoni tangu afike.

"Umempeleka wapi bibi?"

Nikamwonyesha kanga, safi, imekunjwa. Aliigusa akairudisha mikononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine. Akalivua koti, akaliweka juu ya kiti, na Jumatatu alikwenda shule na sweta tu, kwenye barafu. Mke wa kaka alisema ni kiburi cha watoto. Mimi nilijua si kiburi. Nilikuwa nimemnyang'anya bibi yake mara mbili, mara moja kwa ndege na mara moja kwa karai, na mara ya pili nilifanya kwa sabuni na mikono yangu mwenyewe.

Kilikuwepo kile kipande cha chini ya mto wangu. Nawaambia kweli, sikutaka kukitoa. Nilikaa nacho siku mbili nikijipa sababu, kwamba kitaharibika, kwamba mtoto atazoea, kwamba na mimi ni mtoto wa mtu. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nilikipeleka karakanani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ili harufu isitoke. Nikafungua ubavu wa koti.

Kokilaben akaja akasimama. Nikamwambia nataka kuilaza katikati, kama flana ya mapazia ya hariri, baina ya sufu na bitana, mgongoni juu, na siioshi. Nikasubiri nisikie "kwanza osha". Aliangalia koti, akaangalia mfuko. Kisha akaenda kwenye rafu, akakata flana vipande viwili, akaviweka mbele yangu. "Moja juu, moja chini. Ikichuja, hii nakunywa," akasema. "Piga bandi mrefu-mrefu, hapana funga na mshono. Ikirudi, irudi peke yake." Halafu akageuza kiti chake, akanipa mgongo. "Mimi iko kazi. Mimi hapana ona kitu."

Nilifanya alivyosema, nikapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu. Nikaifunga bitana ya kahawia juu yake, mishono midogo ya mkono, haionekani. Jioni nikamwambia Rukia, "Bibi yumo. Nusu yangu nimeitia ndani, katikati. Sikuiosha."

"Ninaweza kuiona?"

"Huwezi. Lakini imo."

Akalinusa koti, akasema hasikii kitu. Nikamwambia flana na bitana zimeiziba, harufu haiwezi kutoka. Akasema "haya", neno lile la mtu aliyekata tamaa kwa adabu, akalivaa kesho yake kwa sababu baridi ilikuwa kali. Nikaamini nimetoa changu na hakikumfikia. Kwa miaka kumi na tatu niliamini hivyo.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Siku moja, karibu na mwisho wa baridi, aliniita kutoka jikoni, "Mama, chumvi iko wapi?" Nikasahau chumvi iko wapi. Mwaka uliofuata nikawa "Mum", na nikaanza upya kulikosa neno nililolisubiri. Akitoka shule alinisubiri karakanani akifanya hesabu zake kwenye meza ya pasi na kuzipanga bobini zangu kwa rangi. Kila vuli niliuteremsha upindo wa koti na wa mikono, vidole viwili, na ubavu sikuugusa. Alilivaa baridi nne, mpaka mabega yakakataa.

Baridi ya tatu mama yangu alifariki. Simu ilikuja asubuhi, na maziko yalikuwa adhuhuri ya siku ile ile, kama desturi yetu, kwa hiyo hapakuwa na ndege ya kuwahi. Wiki ile nilikuwa nashona mapazia ya kijivu ya zahanati fulani, na nilikwenda kazini kwa sababu sikujua pa kukaa. Rukia akaja baada ya shule akakaa karibu yangu, akafungua daftari lake. Koti lake lilining'inia kwenye msumari. Nilitamani kuchukua wembe niufungue ubavu, niweke uso wangu humo mara moja tu. Nilimtamani mama yangu kwa njaa ya tumbo. Lakini kitu ukishakitoa si chako, na mwenyewe alikuwa amekaa pale na daftari lake. Nikamaliza pazia la kijivu, nikaanza lingine.

Kokilaben macho yalimwishia. Siku aliyoacha kazi alinivisha subana yake kidoleni kwa nguvu, kwa maana vidole vyangu ni vinene, akasema karai lisitupwe. Kisha miaka ya elfu mbili ikaja na mapazia yaliyoshonwa tayari ndani ya mifuko ya nailoni, bitana yake nyembamba, imebandikwa kwa gundi pembeni. Wateja wakapungua, cherehani sita zikawa tatu. Nawaambia ninyi mliobaki: wanaokuja sasa ni wale wanaojua tofauti, msiwape gundi. Nimemkumbuka Kokilaben kila asubuhi ninapofungua bomba la sinki lile, mpaka asubuhi yangu ya mwisho.

Mwezi uliopita, nikiwa nimekwisha kustaafu na sijui mikono yangu niiweke wapi, Rukia alikuja na mwanawe wa miaka miwili mgongoni na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na lile koti la buluu. Nilidhani lilikwisha kwenda kwa maskini. "Mum, satini ya mikono imechanika," akasema. "Badilisha mikono tu. Nataka alivae akikua. Ya ndani usiiguse, please." Akaondoka haraka, ana zamu ya kazi.

Nikaligeuza ndani nje juu ya meza yangu ya jikoni. Mikono ilikuwa imechanika kweli. Nikapitisha kidole ubavuni, kama fundi yeyote anavyokagua kazi yake ya zamani, na kidole kikakwama. Kulikuwa na uvimbe. Nikavaa miwani.

Kipande cha mshono wangu, urefu wa kiganja, hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mishono ya mtoto, mikubwa, imepinda, mingine imekazwa mpaka kitambaa kimekunjamana, mingine imelegea. Ilikuwa ya rangi nyingi. Palikuwa na uzi wa dhahabu, ule wa mke wa sonara, kutoka droo yangu. Palikuwa na kijani cha mapazia ya hoteli ndogo tuliyoishonea mwaka wake wa pili, na waridi wa blauzi za harusi, na buluu. Kila alipofungua alifunga tena kwa uzi aliouokota siku hiyo, na kila alipofunga aliacha ncha za ule wa zamani. Palikuwa na kijivu, mishono mingi ya kijivu, michafu kuliko yote, imeshonwa na mtu asiyeona vizuri. Na juu yake palikuwa na mweupe, mishono ya mtu mzima, imenyooka.

Nilimpigia simu. Alijua nimeona, kwa jinsi nilivyolitaja jina lake.

"Nilikuwa nafungua kidogo tu," akasema. "Naingiza pua halafu nashona. Nilidhani utanigombeza, mishono yangu mibaya."

"Mibaya kweli," nikasema.

"Hujafungua?"

"Si langu."

Nyuma yake nilisikia mtoto wake akigonga kitu. Kisha akasema, kwa Kiswahili kitupu, kama alivyokuja nacho akiwa na miaka kumi, "Mama, fungua. Ukimaliza tu, shona tena."

Nikachukua wembe, nikakata ule mweupe peke yake, nyuzi nyingine nikaziacha. Nikaweka uso. Ilinuka sufu, ilinuka mvua kuukuu, na chini kabisa, kidogo sana, sanduku la Bi Mize. Huenda niliitia mwenyewe ile harufu kwa kuitaka. Nilikaa humo muda mrefu.

Halafu nikavaa subana ya Kokilaben. Kwa mazoea nilitunga uzi wa kahawia, wa rangi ya bitana, nikashona mishono mitatu isiyoonekana. Nikaifumua. Nikatafuta mwekundu, kama kanga ile, nikafunga ubavu kwa huo, baina ya kijivu na dhahabu, mishono mikubwa ya kuonekana.